Baba Naye Aulizwe: Seli na Madini ya Kambove

Mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka au mgongo ulio wazi, maswali yote humwendea mama. Alikula nini? Alikunywa dawa gani? Alimkosea nani? Katika ukanda wa shaba wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia Lubumbashi hadi Likasi na Kambove, maswali hayo huulizwa na mawifi, na majirani, na wakati mwingine na watu wa dini, huku baba amekaa pembeni akipokea pole. Elimu ya seli inatuambia kwamba baba naye anastahili kuulizwa, na swali lenyewe liwe la kazi yake: anashuka shimo gani, anaosha mawe gani, na nguo za kazi anazivulia wapi.

Inabidi tuanze mbali kidogo, maana jambo hili halieleweki bila kujua seli inavyozaliwa.

Kila seli hutoka katika seli iliyokuwapo kabla yake. Leo hilo ni somo la darasani, lakini hadi katikati ya karne ya 19 wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana kama seli zinaweza kujitunga zenyewe kutokana na majimaji ya mwili. Robert Remak alichunguza viinitete vya kuku na vyura akaona seli zikigawanyika. Rudolf Virchow akaitangaza kanuni hiyo mwaka 1855, na hadi leo haijapinduliwa. Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30. Ziwe za jicho, za ini au za ngozi ya kisigino, zote ni uzao wa seli moja, yaani yai la mama lililokutana na mbegu ya baba. Bukari (ugali) tunayokula, pamoja na sombe (majani ya muhogo) na samaki, huleta mali ghafi tu. Kazi ya kujenga hufanywa na seli zilizotangulia.

Seli ile ya kwanza ina kromosomu 46: 23 za mama, 23 za baba. Baada ya siku moja hivi inakuwa mbili, kisha nne, kisha nane, na kufikia siku ya sita au ya saba kile kifundo kidogo cha seli huanza kujipachika kwenye ukuta wa mji wa mimba. Tangu hapo hadi kufa, kugawanyika hakukomi, ingawa hakufanyiki kwa kasi moja kila mahali. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Uboho wa mifupa hutoa zaidi ya seli nyekundu milioni mbili za damu kila sekunde, nazo huishi siku 120 hivi. Seli nyingi za ubongo, kwa upande mwingine, tunazaliwa nazo na tunazikwa nazo.

Kinachofanyika ndani ya seli moja inayogawanyika kinafaa kutazamwa kwa karibu. Kwanza inanakili DNA yake yote. Hizo ni herufi za kemikali bilioni sita, katika nyuzi ambazo zikinyooshwa na kuunganishwa zingefika urefu wa mita mbili hivi, nazo zimekunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho matupu. Unakili huanzia sehemu maelfu kwa wakati mmoja, na katika seli ya kawaida ya mwili huchukua karibu saa nane. Protini zinazonakili husoma herufi, huweka inayolingana nayo, hukagua, na penye kosa hukata na kuandika upya. Wakaguzi wengine wakishapita nyuma yao, makosa yanayobaki ni chini ya moja katika kila herufi bilioni moja. Baadaye kromosomu hujikaza zikawa fupi na nene, zikajipanga katikati ya seli, na nyuzi za protini zikazishika kutoka ncha mbili, kila upande ukivuta kwake kama timu mbili za kuvuta kamba. Hakuna kinachoachiwa mpaka kila kromosomu iwe imeshikwa pande zote mbili. Ikibaki moja tu haijashikwa, seli nzima husubiri. Kila ninaposoma habari za subira hiyo nashangaa upya, kwa sababu inafanyika mwilini mwetu mara mamilioni kila sekunde na hatuhisi lolote.

Kazi hiyo yote inahitaji metali ambayo Kambove wanaijua vizuri. Mojawapo ya herufi nne za DNA haiwezi kutengenezwa ya kutosha bila folati na vitamini B12. Katikati ya miaka ya 1950, Dorothy Hodgkin wa Oxford alikamilisha kuchora umbo la B12 kwa kutumia eksirei, akaonyesha kwamba katikati yake imekaa atomu moja ya kobalti. Mwaka 1964 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mtu asiye na B12 ya kutosha hupata upungufu wa damu wa namna ya pekee: seli changa za uboho hukua, hunenepa, lakini zikifika hatua ya kunakili DNA hukwama. Damu inakuwa na seli nyekundu chache, tena kubwa kupita kiasi. Kwa hiyo kobalti ni sehemu ya uhai wa kila mmoja wetu, awe Likasi au Lamu.

Lakini tazama kiasi chenyewe. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku, na ndani yake kobalti ni kama mikrogramu 0.1 tu. Gramu moja ya kobalti ingewatosha watu milioni 10 kwa siku nzima. Zaidi ya hapo, mwili wa binadamu hauwezi kuchukua kobalti tupu ukaifanya vitamini. Kazi hiyo inawezwa na bakteria peke yao, na sisi tunaipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Dagaa wakavu wanaouzwa kwa kikombe sokoni wana B12. Vumbi linaloruka nyuma ya malori ya madini halina. Anayelivuta kutwa nzima hapati vitamini yoyote. Anapata kobalti iliyo uchi, nayo huwa na tabia nyingine kabisa.

Tabia hiyo imejulikana zamani. Kobalti ikizidi hudanganya seli zione kana kwamba oksijeni imepungua, mwili ukaongeza seli nyekundu. Kwa sababu hiyo katikati ya karne iliyopita madaktari waliwahi kuwapa wagonjwa wa upungufu wa damu chumvi za kobalti, kisha wakaacha walipoona tezi ya shingo ikivimba na moyo ukidhurika. Ndani ya seli, kobalti huchochea pia kemikali kali za oksijeni zinazochubua DNA yenyewe, na baadhi ya metali huzuia protini zinazorekebisha machubuko hayo. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka metali ya kobalti na chumvi zake zinazoyeyuka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu.

Kusini mwa Katanga mambo haya yamepimwa, tena na watu wa huku huku. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini. Viwango vya kobalti vilikuwa vya juu kuliko vyovyote walivyovijua kuripotiwa kwa watu wa kawaida duniani, hasa kwa watoto. Mwaka 2018 walichapisha utafiti wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Katika mkojo wa watoto wa Kasulo walikuta kobalti nyingi kuliko kwa wenzao wa mtaa wa kulinganishia, na pia mabaki ya DNA iliyochubuliwa na oksijeni. Hao ni watoto wasioshika nyundo wala koleo. Walikuwa wanacheza tu uani.

Seli yenye afya haikai kimya inapochubuliwa. Husimamisha mgawanyiko, hurekebisha, na ikishindwa hujiua. Inayogawanyika mara kwa mara ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa kuwa haina muda wa kutengeneza kabla ya kunakili tena. Wafaransa wawili, Jean Bergonié na Louis Tribondeau, waliieleza kanuni hiyo kwa upande wa mionzi mwaka 1906. Mwaka huo huo iliundwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ambayo mali zake zilikuja kuwa za Gécamines mwaka 1967. Historia hizi mbili zilikutana Shinkolobwe, mgodi ulio katika eneo la Kambove, si mbali na Likasi. Urani iligunduliwa pale mwaka 1915. Kabla haijatumika kwenye bomu la Hiroshima, mawe yake yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako kuanzia mwaka 1922 Union Minière ilitoa radiamu, metali yenye mionzi, na radiamu ya Katanga ikatawala soko la dunia kwa miaka. Hospitali za Ulaya ziliitumia kuua uvimbe wa saratani, kwa sababu hiyo hiyo waliyoisema Bergonié na Tribondeau: seli za saratani hugawanyika bila breki, na mionzi huzipata zikiwa katikati ya kazi. Baadaye ikaja kobalti-60, kobalti iliyopitishwa kwenye tanuri la nyuklia, iliyoanza kutibu wagonjwa Kanada mwaka 1951. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, imetibu wagonjwa kwa mashine za namna hiyo miaka mingi.

Ulaya, kwa hiyo, ilijua tangu miaka ya 1920 kwamba jiwe la Shinkolobwe linaweza kuvunja seli zinazogawanyika, na ilifanya ujuzi huo kuwa dawa na biashara. Waliolichimba jiwe hilo walikuwa na seli zinazogawanyika wao pia, na wake zao walikuwa na mimba. Hadi mwaka 2004, serikali ilipoufunga mgodi kwa amri ya rais na sehemu yake ikaporomoka, wachimbaji wa mikono, wale wanaoitwa creuseurs, walikuwa wakiingia Shinkolobwe kutafuta kobalti.

Hakuna mahali seli hugawanyika kwa mpango mkali kuliko ndani ya kiinitete. Katika wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, tabaka la seli mgongoni hujikunja likawa bomba, na bomba hilo ndilo litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo. Linapaswa kufungika kufikia siku ya 28. Lisipofungika chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Lisipofungika juu, fuvu na ubongo havikamiliki. Nyama za uso hukutana baadaye kidogo, na zisipoungana mdomo hubaki umepasuka. Siku ya 28 wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Hedhi imechelewa wiki mbili tu, na kliniki bado iko mbali. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke ameze mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu anapoanza kutafuta mtoto, hadi wiki ya 12 ya mimba. Lengalenga (mchicha) ina folati, sombe pia inayo, ila sombe hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na moto mwingi huipoteza. Kidonge ni cha lazima. Kuanza kukimeza katika mwezi wa nne, baada ya bomba kufungika au kushindwa kufungika, hakusaidii tena katika jambo hili.

Sasa tuje kwa baba. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2015, madaktari wa Lubumbashi wakishirikiana na watafiti wa Ubelgiji, wakiwamo Daan Van Brusselen na Tony Kayembe-Kitenge, walifuatilia wodi za wazazi za jiji hilo. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro. Waliwauliza wazazi kuhusu chakula, makazi na kazi, wakapima metali katika mkojo na damu ya mama, katika damu ya kitovu na katika kondo la nyuma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Planetary Health. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko yote lilikuwa kazi ya baba. Baba akiwa na kazi inayohusiana na madini, uwezekano wa kumkuta mtoto wake katika kundi lenye kasoro ulikuwa mara 5.5. Kadirio hilo ni pana, linaanzia 1.2 na kufika 25, kwa kuwa watoto waliochunguzwa hawakuwa wengi, na utafiti wa namna hii huonyesha vitu viwili vinavyofuatana, hauthibitishi kwamba kimoja kimezaa kingine. Manganisi na zinki katika damu ya kitovu nazo zilihusishwa na kasoro. Lakini hata akina mama wa watoto wenye afya walikuwa na metali nyingi kuliko wanawake wa Ulaya. Yaani kundi zima, lenye kasoro na lisilo nazo, lilikuwa ndani ya vumbi moja.

Matokeo yale yaliwashangaza wengi, na sidhani yangewashangaza kama tungekuwa tunafundisha vizuri jinsi seli za uzazi zinavyotengenezwa. Mayai ya mama hutungwa wakati yeye mwenyewe angali tumboni mwa bibi. Msichana huzaliwa na mayai milioni moja au mbili, yameshanakili DNA yao, yamesimama katikati ya mgawanyiko, na hubaki yamesimama miaka 15, 30, hata 40. Kusubiri huko kuna gharama yake: umri wa mama ukisogea, kromosomu huachana vibaya mara nyingi zaidi, na ndiyo sababu kuu ya kuzaliwa watoto wenye kromosomu ya 21 ya ziada. Kwa baba mambo ni kinyume. Tangu balehe, seli mama za mbegu hugawanyika bila kupumzika, na kila siku hutoka mbegu mamilioni kwa mamilioni. Mwanamume akifika miaka 40, DNA iliyo katika mbegu zake imeshanakiliwa zaidi ya mara 600. Watafiti wa Iceland walipohesabu herufi mpya zilizobadilika kwa watoto, mwaka 2012, walikuta umri wa baba ukiongezeka kwa mwaka mmoja, mtoto huongezewa mabadiliko kama mawili.

Kwa kanuni ile ya Bergonié na Tribondeau ya mwaka 1906, basi, korodani ni kama uboho: ni kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana, na kinachochubua DNA hukipata kikiwa wazi. Tena kuna njia ya pili inayomhusu baba, isiyohitaji mbegu. Anarudi nyumbani na ovaroli yenye vumbi, anambeba mtoto, anakaa kitandani, mke anazifua nguo kwenye beseni lile lile la vyombo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu njia ambazo kobalti huwafikia watu wa Katanga uliitaja mboga na vyakula vinavyolimwa karibu na viwanda kuwa njia kubwa kwa watu wazima, na vumbi kuwa njia kubwa kwa watoto. Mama mjamzito anayefua ovaroli ya mumewe hajashuka shimoni, ila shimo limemfuata hadi uani.

Mbegu moja huchukua siku 74 hivi kutoka seli mama hadi kukomaa, na siku kadhaa zaidi kusafiri. Hiyo ni habari yenye matumaini, maana mbegu za mwezi wa Juni si zile za Januari. Mwanamume anayetaka mtoto, akipunguza vumbi miezi mitatu kabla, mbegu zake za wakati huo zitakuwa zimetengenezwa katika mwili uliopumzika kidogo, ingawa seli mama zilizochubuliwa kwa kudumu hubaki na alama yake. Najua creuseur wa Kambove hana likizo ya miezi mitatu. Mzigo huu hauwezi kuachiwa familia.

Wa kuubeba wapo, na fedha zipo kisheria. Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inaitaka kampuni itenge asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na mwaka huo huo serikali iliitangaza kobalti kuwa madini ya mkakati, mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingejenga mabafu na vyumba vya kubadilishia nguo mlangoni pa kila mgodi na kila kituo cha kununulia madini, ovaroli zikafuliwa huko huko. Ingenunua vidonge vya asidi ya foliki na kuvipeleka kwa wasichana wanaoolewa, bila kusubiri waende kliniki na mimba ya miezi minne. Na ingelipia daftari moja la watoto wanaozaliwa Kambove na Likasi, lenye umri wa mama, kazi ya mama, kazi ya baba katika miezi sita kabla ya mimba, umbali wa nyumba hadi kiwanda au lundo la taka za madini, na kasoro yoyote inayoonekana, pamoja na tone la damu ya kitovu linalohifadhiwa kwa ajili ya vipimo. Wakunga wanaweza kulijaza kwa dakika chache kila mtoto anapozaliwa, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi tayari kina watu wanaojua kulisoma.